Chafya ya sungura: lini ni vumbi, lini ni ugonjwa

Sungura akipiga chafya mara moja asubuhi unapomwekea majani, mwache aendelee kula. Akipiga chafya kumi mfululizo, na kesho yake tena, kuna jambo. Wafugaji wengi hukwama katikati hapo. Wapo wanaokimbilia duka la dawa za mifugo kwa sababu ya vumbi la pumba tu, na wapo wanaosubiri mpaka banda zima linakoroma kwa makamasi. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha matatizo madogo ya pua unayoweza kuyashughulikia mwenyewe na yale yanayohitaji daktari wa mifugo, iwe una sungura mmoja wa watoto anayezunguka uani au una majike kumi ya kuzalisha.

Kwanza elewa kwa nini pua ya mnyama huyu ina uzito kuliko pua ya mbuzi au ya kwako. Sungura hupumua kwa pua. Koo lake limeumbwa hivi kwamba njia ya hewa inaungana moja kwa moja na pua, kwa hiyo kupumua kwa mdomo ni kazi ngumu kwake na hufanya hivyo anapokaribia kukosa hewa kabisa. Pili, sungura haoni vizuri kitu kilicho chini ya mdomo wake, maana macho yake yako pembeni mwa kichwa. Chakula anakitambua kwa harufu na kwa kukigusa kwa midomo na ndevu. Pua ikiziba, harufu inapotea na hamu ya kula inapungua. Tumbo la sungura nalo halivumilii kukaa tupu: lisipopata majani kwa saa nyingi hupunguza mwendo, hujaa gesi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi yuko hatarini, hata kama shida ilianza na mafua madogo.

Jambo la tatu ni tabia yake ya kuficha ugonjwa. Huyu ni mnyama wa kuwindwa, na anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza. Sungura mjanja wa hadithi zetu ni yule wa porini, ndugu wa mbali tu wa huyu wa bandani, ambaye asili yake ni Ulaya. Lakini katika kuficha maumivu wote wawili ni wajanja sawasawa. Ndiyo maana usingoje alale ubavu ndipo umtazame.

Pua ya sungura mzima

Chukua dakika tano jioni, wakati kumetulia. Pua ya sungura mzima ni kavu au ina unyevu mdogo sana, haina kitu kilichoganda pembeni, na manyoya yanayoizunguka ni safi. Huchezacheza karibu wakati wote. Akiwa ametulia inaweza kucheza mara 20 kwa dakika, na akisikia harufu mpya au akishtuka inaweza kufika mara 120. Akilala usingizi mzito inaweza kusimama kabisa, na hilo ni la kawaida.

Mianzi yote miwili ya pua iwe sawa. Kama mmoja umelowa na mwingine ni mkavu, kumbuka hilo, tutalirudia. Sogeza sikio karibu: pumzi ya sungura mzima haisikiki. Ukisikia mkoromo, mluzi mwembamba au sauti kama ya maji yanayochemka, kuna kitu ndani ya njia ya hewa.

Hesabu pumzi zake kabla hujamshika, kwa sababu akishikwa huenda mbio. Washa saa ya simu, tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Akiwa ametulia kivulini, kati ya 30 na 60 kwa dakika ni kawaida. Andika namba hiyo ukutani au kwenye simu wakati mnyama ni mzima. Siku akiumwa utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Halafu geuza miguu ya mbele, upande wa ndani. Hapa ndipo mfugaji mwenye macho hupata habari mapema kuliko puani penyewe. Sungura ni msafi. Makamasi yakimtoka huyafuta kwa mikono yake na kujilamba. Unaweza kukuta pua imefutwa safi kabisa, lakini manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yamelowa, yameshikana au yamekauka kama yamepakwa uji. Manyoya hayo yakiwa hivyo, ana mafua, hata kama hujamsikia akipiga chafya. Ukinunua sungura sokoni au kwa jirani, angalia miguu hiyo kabla hujatoa pesa.

Vumbi na mkojo

Chafya nyingi za sungura wa nyumbani hazitoki kwenye ugonjwa. Zinatoka bandani. Dalili zake ni hizi: chafya kavu, au zenye majimaji meupe kama maji safi, anakula vizuri, anaruka, macho ni angavu, na chafya zinakuja kwa vipindi, hasa baada ya kulishwa au baada ya kubadilishiwa matandiko.

Anza na chakula. Pumba ya mahindi na chakula cha unga humwingia puani kila anapoinamisha kichwa. Nyunyizia maji kidogo, kiasi cha kushikana bila kuwa uji, na mpe kiasi atakachomaliza muda ule ule, kwa sababu pumba iliyolowa huchacha haraka kwenye joto. Nyasi kavu zikung'ute nje ya banda, upande ambao upepo hauelekei kwao. Zikiwa na madoa meusi au harufu ya ukungu, zitupe kwenye shimo la mboji. Hazifai hata kwa kutandika.

Matandiko ni chanzo kingine. Vumbi laini la mbao kutoka kwa fundi seremala ni baya. Maranda makubwa yaliyopepetwa yanafaa zaidi, ila yasiwe ya mbao zenye harufu kali ya utomvu. Majani makavu ya migomba au nyasi safi ni bora kwa wengi wetu, na hayagharimu kitu. Angalia pia jirani wa banda: kuku wanaofukua vumbi chini ya vizimba, stoo ya mkaa, na zaidi ya yote moshi wa jiko. Sungura waliowekwa jikoni usiku kwa kuogopa wezi hupiga chafya asubuhi kwa sababu ile ile inayomfanya mpishi atoke nje akikohoa.

Lakini mkosaji mkubwa ni mkojo. Mkojo wa sungura ukikaa hutoa gesi ya amonia, ile harufu inayochoma macho, nayo hupanda juu kutoka kwenye rundo lililo chini ya kizimba. Gesi hii hukwaruza ngozi laini iliyo ndani ya pua na kuua vinyweleo vidogo ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu nje. Ndani ya pua iliyokwaruzwa hivyo, vijidudu vilivyokuwa vimekaa kimya hupata nafasi ya kuzaliana. Hivyo banda chafu huleta chafya leo na ugonjwa wa kweli wiki ijayo.

Kipimo ni chako mwenyewe. Piga magoti mpaka pua yako ilingane na kizimba, vuta pumzi. Ukisikia harufu inayochoma, sungura amekuwa akiipumua saa 24. Ondoa kinyesi na matandiko yaliyolowa kila siku au siku moja baada ya nyingine. Kama kuna trei, isugue kwa siki au maji ya limau. Ule ukoko mweupe unaogandamana ni chokaa ya mkojo na sabuni pekee haiutoi. Wengi humwaga majivu chini ya vizimba wakiamini yanakausha na kuondoa harufu. Majivu yanakausha kweli, lakini yakikutana na mkojo mbichi huifanya amonia itoke kwa wingi zaidi, tena majivu yenyewe ni vumbi. Tumia udongo mkavu au majani makavu, kisha zoa vyote vipelekwe shambani.

Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti kwenye nyanda za juu, huleta kosa lingine: kufunika banda lote kwa nailoni. Unazuia upepo lakini unafungia amonia na unyevunyevu ndani, na asubuhi utakuta matone ya maji kwenye nailoni. Sungura mkubwa mwenye manyoya yake na matandiko makavu huvumilia baridi vizuri kuliko hewa nzito. Ziba pande tatu, hasa upande unaoleta mvua, na acha upande mmoja wa wavu wazi. Watoto wao walio kiotani ndio wanaohitaji joto, na hilo hutatuliwa na sanduku la kuzalia lenye nyasi na manyoya ya mama yao.

Ukishasafisha banda, subiri siku mbili au tatu. Chafya za vumbi hupungua zenyewe. Kama siku ya nne hakuna mabadiliko, au majimaji yamegeuka meupe mazito, tafuta sababu nyingine.

Kitu kilichokwama

Turudi kwenye mwanzi mmoja uliolowa. Sungura aliyekuwa mzima asubuhi na ghafla anapiga chafya kwa nguvu, anatikisa kichwa na kujikuna pua upande mmoja, huenda amevuta kitu: kipande cha nyasi, au mbegu. Mbegu za kishona nguo ni mfano mzuri. Majani yake machanga wanayapenda na hayana shida, lakini mmea ukishakomaa zile mbegu nyeusi zenye ncha huingia popote. Kata kishona nguo kabla hakijatoa mbegu, au pukutisha mbegu zote kabla ya kulisha.

Mulika pua kwa tochi ya simu. Ukiona ncha ya kitu imetokeza nje, ivute taratibu kwa kibanio cha nyusi huku mwenzako amemshika. Usipoiona, usichokonoe, wala usiingize pamba au njiti. Tundu la pua ya sungura ni jembamba na ngozi yake huvuja damu upesi. Chafya zenyewe mara nyingi hukitoa kitu hicho ndani ya saa chache. Kikibaki, upande huo utaanza kutoa usaha baada ya siku kadhaa, na hapo anahitaji daktari.

Mafua ya sungura

Huu ndio ugonjwa wa pua wa kuogopwa bandani. Jina limezoeleka kuwa mafua, lakini si mafua ya binadamu na hukupewa na mtoto mwenye makamasi. Husababishwa na bakteria, anayejulikana zaidi akiwa Pasteurella multocida, peke yake au pamoja na wengine kama Bordetella bronchiseptica. Sungura wengi wazima wanaye puani bila kuonyesha lolote. Jike humwambukiza mtoto siku za mwanzo za maisha, na sungura huambukizana kwa chafya, kwa kugusana pua, na kwa vyombo vya maji wanavyochangia.

Anayebeba vijidudu huanza kuumwa pale nguvu za mwili zinaposhuka: safari ndefu ndani ya boksi, banda la kusongamana, kunyonyesha watoto wengi, joto kali, kuhamishwa, au amonia tuliyoitaja. Dalili huanza na chafya na majimaji, kisha makamasi meupe au ya manjano, miguu ya mbele iliyoshikana manyoya, mkoromo, na macho yenye machozi. Wengine huishia hapo na kuishi miaka na mafua yanayokuja na kuondoka. Kwa wengine ugonjwa husogea: kwenye mapafu, akahema kwa shida, kwenye sikio la ndani, kichwa kikapinda upande, au chini ya ngozi, yakatokea majipu yenye usaha mzito.

Lazima tuseme wazi kuhusu tiba yake. Dawa za bakteria, zikichaguliwa na daktari wa mifugo na kutolewa kwa siku zote alizosema, hupunguza dalili na kuokoa wengi. Lakini mara nyingi haziwamalizi vijidudu waliojificha kwenye vishimo vya ndani ya pua, na miezi baadaye chafya hurudi. Kwa sungura wa watoto, hilo si hukumu ya kifo: banda kavu, hewa safi na chakula kizuri humpa maisha ya kawaida. Kwa anayezalisha na kuuza uamuzi ni mgumu zaidi. Jike mwenye mafua yanayorudi asipandishwe, na asiuzwe kwa mtu mwingine kama mzima. Atasambaza tatizo kijiji kizima, na wateja hukumbuka walinunua wapi.

Ukimwona wa kwanza mwenye makamasi, mtenge siku hiyo hiyo. Weka kizimba chake mita kadhaa mbali na wengine, upande ambao upepo wake hauendi kwao, na kiwe na chombo chake cha maji na cha chakula. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe kanga au koti ulilovaa ukimshika. Vizimba vya wengine vikaguliwe miguu ya mbele kila siku kwa wiki mbili. Sungura mgeni naye akae pekee wiki mbili mpaka tatu kabla ya kuchanganywa, hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Kwa wanaofuga simbilisi, kama wafugaji wengi wa Kivu: usiwaweke banda moja na sungura. Bordetella anayekaa kimya kwenye pua ya sungura anaweza kuwapa simbilisi ugonjwa mkali wa mapafu.

Vigaga na ukoko kwenye pua

Matatizo mengine yako juu ya ngozi. La kwanza kwa ukali na kwa wingi katika mabanda yetu ni upele, unaoletwa na utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaochimba ngozi. Huanza mahali penye manyoya machache: ncha ya pua, midomo, ukingo wa masikio, kucha. Utaona unga mweupe wa kijivu ambao siku chache baadaye unakuwa ukoko mgumu, na mnyama anajikuna na kutikisa miguu. Ukiachwa, hufunika pua yote mpaka ashindwe kula, naye hukonda na kufa.

Usiubandue ukoko kwa nguvu. Usimpake oili chafu ya gari, mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Atajilamba, na sumu itaingia tumboni. Tiba ya kawaida ni sindano ya ivermectin chini ya ngozi, inayorudiwa baada ya siku 10 hadi 14 ili kuwapata wadudu walioanguliwa baadaye. Hapa kipimo ndicho kila kitu. Chupa ya ivermectin ya asilimia 1 inayouzwa madukani imepangwa kwa ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50. Kwa hesabu hiyo sungura wa kilo 2.5 anahitaji sehemu moja ya ishirini ya mililita, tone ambalo sindano ya ng'ombe haiwezi kulipima. Mwite mtaalamu mwenye sindano ndogo ya insulini, apime uzito wa mnyama kwanza, na akuambie ni siku ngapi lazima zipite kabla nyama yake kuliwa. Siku ya sindano, choma au zika matandiko yote na usugue vizimba kwa maji ya moto, la sivyo wadudu watarudi kutoka kwenye mbao.

Upele huu humwasha na mtu anayemshika mgonjwa, hasa mikononi na tumboni. Kwa kawaida huisha mnyama akishapona, lakini watoto wakae mbali naye mpaka hapo.

Ukiona duara lisilo na manyoya kwenye daraja la pua, lenye magamba makavu na mwasho mdogo, inaweza kuwa bato. Nalo hupita kwa binadamu kwa urahisi, kwa hiyo watoto wa nyumba hiyo waangaliwe kichwani. Vidonda vyenye vigaga puani na midomoni, pamoja na vingine kama hivyo sehemu za siri, vinaweza kuwa kaswende ya sungura. Jina linatisha, lakini haimpati binadamu. Huenezwa kwa kupandana, na huponywa na sindano za daktari; mpaka atibiwe dume huyo asipelekwe kwa majike ya jirani.

Mara nyingine hakuna ugonjwa wowote. Sungura anayesukuma pua kwenye waya usiku kucha hupata kipara chekundu juu ya pua, mahali panapolingana kabisa na waya. Safisha kwa maji ya chumvi, kunja ncha za waya zilizochomoza, mpe nyasi nyingi za kutafuna na nafasi zaidi. Mikwaruzo ya ugomvi nayo hupona kwa usafi, ila madume wawili waliokwisha kupigana wasirudishwe pamoja.

Meno, na joto

Mizizi ya meno ya juu ya sungura iko jirani na njia ya pua na mfereji wa machozi. Meno yake hayaachi kukua. Ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kila wiki, na yanayoyapunguza ni majani magumu na nyasi. Anayekula pumba na chakula laini tu hupata meno marefu, na mizizi ikisukuma juu utaona jicho moja linatoka machozi, mwanzi mmoja wa pua unalowa, na mate kidevuni. Inua midomo taratibu utazame meno ya mbele. Usiyakate kwa koleo au mkasi wa kucha kama ulivyoona jirani akifanya, maana jino hupasuka mpaka kwenye mzizi. Daktari ana kifaa chake.

Pua iliyolowa ghafla mchana wa jua, mianzi imepanuka, masikio ya moto, mnyama amejinyoosha na anahema mbio: hilo ni joto, na dakika zina maana. Sungura hana jasho la kumpoza kama letu. Hutegemea masikio na pumzi ya puani. Mtoe kivulini penye upepo, lowesha masikio kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, mpe maji ya kunywa. Usimtumbukize kwenye ndoo. Nyuzi joto zikivuka 30, kama ilivyo pwani na maeneo makavu, chupa ya plastiki yenye maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa ikiwekwa kizimbani saa sita mchana husaidia sana.

Kusafisha pua iliyoganda

Chemsha nusu lita ya maji, weka chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, koroga, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Maji hayo yana chumvi inayokaribia ile ya mwilini na hayachomi. Mweke sungura kwenye meza au mapajani, mfunge kwa kanga ukiacha kichwa nje, mkono mmoja ukishika sehemu ya nyuma. Asibebwe kwa masikio, na asiachwe arushe teke hewani. Teke lenye nguvu linaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe.

Lowesha pamba au kitambaa safi, kiweke juu ya makamasi yaliyoganda kwa nusu dakika mpaka yalainike, kisha futa kuelekea nje. Rudia kwa kitambaa kipya kwa kila upande. Futa na miguu ya mbele, maana asipofutwa ataupaka uchafu ule ule puani. Usimimine maji ndani ya pua. Mara mbili au tatu kwa siku inatosha. Mpe majani yenye harufu anayoyapenda, kama giligilani au majani ya viazi vitamu, ili apate hamu hata kama pua imeziba nusu.

Dawa za kupaka kifuani zenye harufu ya kupenya, matone ya pua ya binadamu na kufukiza majani ya mkaratusi viachwe kabisa. Vinamkwaruza zaidi.

Dawa zinazoua sungura

Sehemu hii isome mara mbili. Amoxicillin, ampicillin na penicillin za kumeza, pamoja na clindamycin na lincomycin, ni sumu kwa sungura. Tumbo lake linaendeshwa na bakteria wema wanaosaga majani. Dawa hizi huwaua, wabaya wanachukua nafasi, naye anaharisha na kufa siku chache baadaye, mara nyingi mwenye mnyama akidhani ni mafua yaliyomuua. Kidonge cha rangi mbili kilichobaki nyumbani baada ya mtoto kupona kikohozi hakimhusu sungura, hata robo yake. Dawa ya viroboto yenye fipronil, inayowekwa shingoni mwa mbwa na paka, nayo humuua. Muuzaji wa duka akikuandikia dawa ya kuku au ya mbuzi, mwambie kwa sauti kwamba mnyama ni sungura, na kama hana uhakika mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujalipa.

Lini kupiga simu

Usisubiri kesho kama anafungua mdomo kupumua au anainua kichwa juu kutafuta hewa, kama midomo na ulimi vimegeuka vya bluu, kama hajala kwa saa 12, au kama kichwa kimepinda. Makamasi mazito ya rangi, chafya zilizopita siku tatu baada ya kusafisha banda, usaha wa upande mmoja na ukoko unaoenea vinahitaji mtaalamu ndani ya siku moja au mbili.

Damu puani ni habari nyingine. Tone dogo baada ya kugonga waya hukoma lenyewe. Lakini sungura wakifa ghafla, mmoja baada ya mwingine, baadhi wakiwa na damu au povu la damu puani, usile nyama hiyo, usiuze waliobaki na usihamishe chochote. Upo ugonjwa wa virusi wa kutoka damu wa sungura, uliotambuliwa China mwaka 1984 na ambao umekwisha kufika nchi kadhaa za Afrika, Nigeria ikiwemo mwaka 2020. Mjulishe afisa mifugo siku hiyo hiyo na uwaache mizoga mahali ambapo mbwa hawafiki mpaka akuelekeze.

Kabla ya kupiga simu, rekodi video ya nusu dakika: pua kwa karibu, ubavu unavyopumua, na ndani ya miguu ya mbele. Sauti iwe imewashwa ili mkoromo usikike. Mweleze daktari umri na uzito wa mnyama, chafya zilianza siku gani, zinatoka upande mmoja au yote miwili, amekula nini leo, kinyesi kikoje, umempa dawa gani tayari, na wangapi wengine wana dalili. Kama umeshampa kidonge, kitaje jina, hata kama unajua atakukaripia.